Jinsi ya kuchunguza hataza za kampuni ya sabuni na bidhaa za mwili: mwongozo kamili

Hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ya kwanza iliyotolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, ilikwenda kwa Samuel Hopkins kwa njia yake ya kutengeneza potashi, ile chumvi ya majivu iliyohitajika kwenye sabuni na vioo. George Washington mwenyewe aliitia saini. Mwaka uliofuata, huko Ufaransa, Nicolas Leblanc alipata hataza ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na taratibu watengenezaji wa sabuni wakaacha kutegemea majivu. Tangu enzi hizo viwanda vya sabuni vimekuwa vikiandikisha uvumbuzi wao bila kuchoka. Kwa sababu hataza ni hati ya wazi, kumbukumbu hizo zote ziko bure mbele ya yeyote mwenye intaneti na subira.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kujua kampuni fulani ya sabuni, shampuu, losheni au dawa ya meno inafanya nini kwenye uvumbuzi. Huenda wewe ni mtengenezaji mdogo unayetaka kujua ni mbinu zipi ziko huru kutumika, mwanafunzi wa kemia, mwandishi wa habari za biashara, au mtu anayefikiria kununua hisa. Kazi ni ileile. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo, kwa kuwa nimeona ripoti nyingi zikiharibika hapo: idadi ya hataza peke yake haikuambii kitu. Kampuni inaweza kuwa na maelfu ya hati ambazo nusu yake zimeshakufa. Kinachosema kweli ni kile ambacho kampuni inaendelea kukilipia, nchi inazokilipia, na kile ilichokiacha kimya kimya.

Hatua ya 1: Andika swali lako

Kaa chini uandike swali kwa sentensi moja. "Kampuni hii imeelekeza wapi utafiti wake wa sabuni za kuogea kwa miaka kumi iliyopita?" ni swali la kukusanya hati nyingi na kutazama mwelekeo. "Je, mbinu hii ya kutengeneza kipande kisicholainika kwenye maji bado inalindwa katika nchi ninayotaka kuuza?" ni swali la hati moja inayosomwa hadi chini kabisa. Ukichanganya maswali hayo mawili utapoteza muda mwingi ukihesabu vitu usivyovihitaji.

Hatua ya 2: Kusanya majina yote ya kampuni

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Jina lililo kwenye pakiti ya sabuni ni la biashara, na aghalabu silo linaloandikwa kwenye ombi la hataza. Chukua Unilever. Kwa miongo mingi maombi yake yalipelekwa kwa majina ya Unilever PLC na Unilever N.V., na kwa Marekani utakuta Conopco, Inc., kampuni yake ya huko. Hati za zamani zinasema Lever Brothers Company. Nyingine zinasema Hindustan Lever, baadaye Hindustan Unilever. Baada ya kampuni mama mbili kuunganishwa mwaka 2020, majina ya Unilever IP Holdings B.V. na Unilever Global IP Limited yakajitokeza. Anayetafuta "Unilever" pekee anaikosa Conopco yote.

Wengine nao wana mambo yao. Colgate iliungana na Palmolive-Peet mwaka 1928, na jina la Peet likaondolewa mwaka 1953, kwa hiyo hati za katikati zinasomeka Colgate-Palmolive-Peet Company. Henkel imepitia Henkel & Cie, Henkel KGaA, kisha Henkel AG & Co. KGaA. Procter & Gamble huandikwa kwa alama ya "&" mahali pamoja na kwa neno kamili mahali pengine, halafu kuna Gillette iliyoingia mwaka 2005. Kao ya Japani huonekana kwa herufi za Kijapani kwenye hati za nyumbani kwake.

Njia ninayoipendekeza: fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, nenda kwenye orodha ya kampuni tanzu, unakili majina. Kisha tafuta jina kuu kwenye hifadhi ya hataza na utazame kichujio cha waombaji, kwani chenyewe kitakuonyesha namna jina lilivyoandikwa. Ongeza majina ya kampuni zilizonunuliwa pamoja na mwaka wa kununuliwa, maana hataza zao hazikuzaliwa ndani ya nyumba hiyo, na ripoti yako isizihesabu kama kazi ya maabara zake.

Usiwasahau wauzaji wa malighafi. Sabuni inayouzwa na kampuni moja inaweza kubeba uvumbuzi wa watu wengine kabisa. Molekuli za manukato, kwa mfano, mara nyingi zinamilikiwa na makampuni ya manukato kama Givaudan, na viambato vya kutoa povu au kulainisha ngozi vinaweza kuwa vya BASF au Croda. Ukiona kampuni ya sabuni haina hataza yoyote juu ya kiambato inachojivunia kwenye matangazo, mtafute anayemuuzia.

Hatua ya 3: Chagua hifadhi ya kutafutia

Hifadhi tatu za bure zinatosha. Espacenet, ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ina zaidi ya hati milioni 100 kutoka dunia nzima, na ndiyo ninayoitegemea kwa orodha kuu. Patentscope, ya Shirika la Dunia la Mali Miliki, WIPO, ni bora kwa maombi ya kimataifa, kwani unaona faili lenyewe pamoja na ripoti ya mtahini, yaani afisa anayelichunguza ombi. Google Patents ni nyepesi kusoma na tafsiri zake za mashine husaidia kwa hati za Kichina na Kijapani. Hali halisi ya hataza, kama bado iko hai au imekufa, ithibitishe kwenye rejista ya nchi husika. Hifadhi hizi hupokea taarifa za hali kutoka kwa ofisi nyingine, na taarifa hizo huchelewa.

Hatua ya 4: Tumia misimbo ya uainishaji badala ya maneno

Ukiandika neno la kawaida la sabuni utaletewa mashine za kufulia, vitambaa, hata dawa za mifugo. Vichwa vya habari vya hataza za sekta hii navyo ni vya jumla mno, na vingine havisemi zaidi ya "mchanganyiko wa kusafishia". Misimbo ya kimataifa ndiyo inayokuokoa, na kwa bahati nzuri haijali lugha.

C11D ndiyo nyumba ya sabuni na visafishaji. Ndani yake C11D 9 ni michanganyiko yenye msingi wa sabuni halisi, C11D 13 ni utengenezaji wa sabuni wenyewe, yaani kukata, kusukuma na kupiga mhuri, C11D 10 ni mchanganyiko wa sabuni na kemikali nyingine za kusafishia, na C11D 17 inahusu umbo, kama kipande, unga au kidonge. A61K 8 ni vipodozi na bidhaa za usafi wa mwili kwa kuangalia viambato vyake. A61Q inaainisha kwa matumizi: A61Q 19/10 ni bidhaa za kuogea, A61Q 5/02 ni za kuoshea nywele, A61Q 11/00 ni za kinywa, A61Q 15/00 ni za kuzuia jasho na harufu, A61Q 17/04 ni za kukinga jua. Ongeza A47K 5 kwa vifaa vya kutolea sabuni ya maji na B65D kwa vifungashio, kwa sababu kampuni za bidhaa za mwili huvumbua sana kwenye chupa na vifuniko.

A61K 8 na A61Q ziliingia mwaka 2006. Kabla ya hapo vipodozi vilikuwa A61K 7. Hifadhi zimehamisha hati za zamani kwenye misimbo mipya, kwa hiyo utafutaji wako hautaathirika, lakini ukifungua ukurasa wa mbele wa hati ya mwaka 1998 na kukuta A61K 7/50, usidhani umekosea mlango.

Kwenye Espacenet ombi la utafutaji linaweza kuandikwa hivi: pa = "unilever" and cpc = "A61Q19/10" (pa ni mwombaji, cpc ni msimbo). Anza na hilo, kisha badilisha jina la mwombaji, kisha msimbo, na kila mara andika pembeni umepata hati ngapi. Daftari hilo dogo la utafutaji litakuokoa siku mtu atakapouliza namba zako zilitoka wapi.

Hatua ya 5: Punguza hati ziwe familia

Uvumbuzi mmoja hauandikwi mara moja. Kampuni hupeleka ombi la kwanza katika nchi moja. Kwa mujibu wa Mkataba wa Paris wa 1883, ina miezi 12 ya kupeleka ombi hilohilo kwingine huku ikibaki na tarehe ileile ya kwanza, iitwayo tarehe ya kipaumbele. Matokeo yake, kipande kimoja cha sabuni kinaweza kuonekana kama hati yenye herufi WO ya kimataifa, EP ya Ulaya, US ya Marekani, CN ya China, IN ya India, BR ya Brazili, AP ya ARIPO na OA ya OAPI, mashirika mawili ya kikanda ya mali miliki barani Afrika. Hizo ni hati nane za wazo moja.

Panga kwa familia. Espacenet hutoa familia ndogo, ya hati zenye kipaumbele kilekile, na familia pana ya INPADOC inayounganisha hati zilizo na uhusiano wowote wa kipaumbele. Kwa kuhesabu uvumbuzi tumia ndogo. Kwa kufuatilia wazo lilivyotanuka miaka nenda miaka rudi tumia pana. Katika jedwali lako kila mstari uwe familia moja, na safu ziwe hizi: namba ya hati kuu, tarehe ya kipaumbele, mwombaji, wavumbuzi, misimbo, nchi ilizoingia, hali yake leo, na sentensi moja ya maneno yako mwenyewe inayosema uvumbuzi ni nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayochosha, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Usinakili muhtasari wa hati. Ukishindwa kuieleza kwa sentensi moja, bado hujaielewa.

Weka kando hati za China zinazoishia na herufi U. Hizo ni vyeti vya uvumbuzi mdogo, hudumu miaka 10 na hazipitii uchunguzi mzito kama hataza kamili. Kwenye mashine za kukatia sabuni na chupa zenye pampu ziko nyingi sana, na ukizichanganya na hataza kamili picha yote itapinda.

Hatua ya 6: Soma tarehe vizuri

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni inapeleka ombi la kwanza tarehe 10 Machi 2005. Inapeleka ombi la kimataifa tarehe 9 Machi 2006, siku moja kabla ya miezi 12 kwisha. Hati inachapishwa miezi 18 baada ya kipaumbele, yaani Septemba 2006. Ikifika Septemba 2007, miezi 30, kampuni inalazimika kuamua ni nchi zipi itaingia, na hapo gharama za mawakili na tafsiri hupanda ghafla. Hataza zitakazotolewa zitaishi hadi tarehe 9 Machi 2026, miaka 20 tangu kupelekwa ombi lenyewe, wala si tangu kipaumbele. Marekani inaweza kuongeza siku kadhaa kufidia ucheleweshaji wa ofisi yake.

Hiyo miezi 18 ya ukimya ndiyo inayowadanganya wachora chati. Kila chati ya maombi kwa mwaka huporomoka mwishoni, na mwandishi asiyejua huandika kuwa kampuni imepunguza utafiti. Ukweli ni kwamba maombi ya karibuni hayajachapishwa. Kata chati yako miaka miwili kabla ya leo, au weka rangi tofauti kwa sehemu hiyo na useme wazi kwamba haijakamilika.

Kwa hati za zamani za Marekani hesabu ni nyingine. Kabla ya Juni 1995 muda ulikuwa miaka 17 tangu hataza kutolewa. Hataza ya Lever Brothers namba 2,894,912, ya kipande cha kusafishia chenye isethioneti (kisafishaji kisicho sabuni halisi), ile kemia iliyo nyuma ya kipande cha kuogea cha Dove, ilitolewa Julai 1959, kwa hiyo iliisha mwaka 1976. Tangu hapo mafunzo yaliyomo ni ya kila mtu. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, hataza ya sabuni ya maji ya William Sheppard, namba 49,561, ni ya mwaka 1865.

Pembeni ya chati yako andika tarehe za sheria zilizogusa sekta. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa kanuni ya kuondoa viambato 19, triklosani ikiwemo, kwenye sabuni za kuua vijidudu zinazouzwa kwa wananchi. Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kupiga marufuku chembe ndogo za plastiki kwenye bidhaa za kusugua ngozi mwaka 2015, na Umoja wa Ulaya ukaanza kutumia zuio lake pana la plastiki ndogo Oktoba 2023. Ukiona familia zinazohusu mbadala wa kitu fulani zikiongezeka, tazama kwanza kama sheria ilisukuma kabla hujaisifu kampuni kwa kuona mbali.

Hatua ya 7: Fungua hati na usome madai

Ukurasa wa mbele hauhitaji lugha. Kila taarifa ina namba yake ya kimataifa kwenye mabano: 71 ni mwombaji, 72 ni wavumbuzi, 73 ni mmiliki, 22 ni tarehe ya kupeleka ombi, 30 ni kipaumbele, 43 ni tarehe ya kuchapishwa kwa ombi, 51 ni msimbo wa kimataifa, 54 ni kichwa, 57 ni muhtasari. Ukizikariri unaweza kusoma ukurasa wa mbele wa hati ya Kikorea.

Tazama pia herufi iliyo mwishoni mwa namba. Kwenye hati za sasa, A ni ombi lililochapishwa: kwa Ulaya A1 limechapishwa na ripoti ya utafutaji, A2 bila ripoti, A3 ni ripoti yenyewe iliyofuata baadaye. B ni hataza iliyotolewa. Hati yenye A ni maombi tu, kampuni imeomba na huenda ikanyimwa. Mara kwa mara habari husema "kampuni yapata hataza mpya" na ukifungua hati unakuta A1. Usiirudie habari hiyo kabla hujaona B.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye madai, yaani sentensi zenye namba zinazotaja kile hasa kinacholindwa. Madai ndiyo mpaka wa shamba. Maelezo yote yaliyotangulia, hata yawe kurasa 40, hayamzuii mtu yeyote kufanya chochote. Anza na dai la kwanza, ambalo kwa kawaida ni dai huru, yaani linasimama bila kutegemea jingine.

Tuseme dai linasema hivi, na huu nao ni mfano wangu: kipande cha kusafishia ngozi chenye asilimia 30 hadi 50 kwa uzito ya isethioneti ya asidi za mafuta ya nazi, asilimia 15 hadi 25 ya asidi ya steariki, na asilimia 4 hadi 8 ya maji, ambapo pH (kipimo cha uasidi) ya mmumunyo wa asilimia 1 ni kati ya 5.5 na 7. Kila kipengele hapo ni sharti, na yote lazima yatimie kwa pamoja. Sabuni ya kawaida ya mafuta na kostiki haiwezi kuingia humo, maana pH yake huwa kati ya 9 na 10 hivi. Kipande chenye isethioneti asilimia 20 nacho kiko nje kwa maneno ya dai, ingawa mahakama za baadhi ya nchi hupanua kidogo mipaka kwa kitu kinachofanya kazi ileile kwa njia ileile. Kwa hiyo anayekaribia mpaka amwone wakili wa hataza kabla ya kuwasha mtambo.

Angalia kwa makini kitenzi kinachounganisha utangulizi wa dai na orodha ya viambato. Kwenye hati za Kiingereza, "comprising" huacha mlango wazi, kwamba ukiongeza rangi au manukato bado umo ndani ya dai. "Consisting of" huufunga, kwamba ukiongeza kitu kingine umetoka. Upana wa hataza nzima unaweza kutegemea neno hilo moja.

Baada ya madai, soma mifano iliyo mwishoni mwa maelezo. Mimi hupenda sehemu hii kuliko zote. Humo kuna majedwali ya michanganyiko iliyopimwa kweli, asilimia kwa asilimia, na kuna mifano ya kulinganisha, yaani ile iliyoshindwa au bidhaa ya zamani. Utakutana na vipimo vya kasi ya kipande kulika, ujazo wa povu, uzito wa ute unaobaki kipande kikilala kwenye maji, na kipimo cha zeini, ambapo protini ya mahindi hutumika kupima jinsi kisafishaji kinavyoweza kuikera ngozi. Vipimo hivyo vinakuonyesha shida ambayo kampuni ilikuwa inahangaika nayo. Hati inayopima ute tu inazungumzia mteja anayeacha sabuni kwenye kisahani chenye maji. Hati inayopima upotevu wa unyevu wa ngozi inazungumzia mtu mwingine kabisa.

Zingatia pia viwango vinavyopunguzwa hatua kwa hatua: asilimia 5 hadi 60, ikiwezekana 10 hadi 40, vizuri zaidi 18 hadi 24. Kiwango chembamba cha mwisho mara nyingi kinakaribia kile ambacho maabara ilikiona kinafanya kazi vizuri.

Hatua ya 8: Tenganisha zilizo hai na zilizokufa

Hataza huishi kwa ada. Marekani hulipwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa. Ulaya ada ni ya kila mwaka kuanzia mwaka wa tatu wa ombi, na baada ya kutolewa hulipwa nchi kwa nchi, au kwa pamoja kwa hataza ya umoja iliyoanza Juni 2023. Kila ada ni uamuzi. Kuna mtu ofisini aliyeulizwa kama bado inafaa, akajibu ndiyo au hapana.

Kwa hiyo tazama kila familia: ilikufa lini na wapi? Familia iliyoachwa miezi 30 bila kuingia nchi yoyote ni jaribio lililoishia maabara au lililokutana na ripoti mbaya ya mtahini. Familia iliyoingia nchi kumi na mbili na bado inalipiwa mwaka wa 15 inalinda kitu kinachouzwa, au kitu ambacho kampuni haitaki mshindani akiuze. Nchi zilizochaguliwa nazo zinasema. Kampuni inayopeleka familia za kipande cha kuogea India, Indonesia na Brazili, na za losheni Ulaya na Japani, imekuchorea ramani ya masoko yake bila kujua.

Kwa mtengenezaji mdogo, hatua hii ni mali. Hataza iliyoisha, au isiyowahi kuombwa katika nchi unayotengenezea na kuuzia, haikuzuii huko. Lakini thibitisha mambo mawili: kwamba hakuna hataza mpya ya uboreshaji iliyoombwa juu ya ile ya zamani, na kwamba huna mpango wa kuuza bidhaa hiyo nchi ambako ulinzi bado upo.

Hatua ya 9: Soma ripoti ya mtahini na ugomvi wa washindani

Ripoti ya utafutaji huweka herufi mbele ya kila hati ya zamani iliyopatikana. X maana yake hati hiyo peke yake inatosha kulitilia shaka dai, Y inalitilia shaka ikiunganishwa na nyingine, A ni ya kujulisha tu. Ombi lenye X nyingi kwenye dai la kwanza litabanwa au litakufa. Linganisha madai ya A1 na ya B utaona kampuni ililazimika kurudi nyuma kiasi gani.

Ulaya, mtu yeyote ana miezi tisa baada ya hataza kutolewa kuweka pingamizi, na makampuni makubwa ya sabuni na vipodozi huitumia nafasi hiyo dhidi ya wenzao. Hataza iliyowekewa pingamizi na washindani wawili inamuumiza mtu fulani. Isome hiyo kwanza kabla ya nyingine zote. Faili la pingamizi kwenye rejista ya Ulaya lina barua, majaribio na hoja za pande zote, bure, na ndani yake wataalamu hueleza mbinu kwa uwazi ambao hutaupata kwenye tangazo lolote.

Hatua ya 10: Linganisha na lebo, na ukubali mipaka ya hataza

Chukua bidhaa yenyewe, soma orodha ya viambato, na uilinganishe na madai. Kumbuka lebo hupanga viambato kwa wingi lakini haitoi asilimia, hivyo utapata dalili na si ushahidi. Marekani huruhusu kampuni kuandika hataza za bidhaa zake kwenye tovuti badala ya kuzichapa kwenye pakiti, na ukurasa huo ukiupata umeokoa wiki nzima ya kazi.

Kuna mengi yasiyoingia kwenye hataza. Mchanganyiko kamili wa manukato hubaki siri ya biashara. Umbo la kipande cha sabuni au la chupa hulindwa kama usanifu, na hutafutwa kwenye daraja la 28 na la 9 la Locarno, uainishaji wa kimataifa wa usanifu. Jina na rangi ni alama za biashara. Wakati mwingine kinga haiko kwenye karatasi yoyote. Robert Taylor wa kampuni ya Minnetonka, alipoingiza Softsoap sokoni mwaka 1980, alijua hana hataza ya kuwazuia wakubwa wasitengeneze sabuni ya maji yenye pampu. Akaagiza pampu zipatazo milioni 100 kutoka kwa watengenezaji, kiasi kwamba washindani wakakosa pampu za kununua. Mwaka 1987 Colgate-Palmolive ikainunua Softsoap. Anayehesabu hataza tu angeiona biashara hiyo kama isiyo na kinga.

Hatua ya 11: Andika, kisha weka ratiba ya kufuatilia

Kwenye ripoti tenganisha sentensi za aina tatu: kilichoandikwa kwenye hati, kilichothibitishwa na rejista pamoja na tarehe uliyoitazama, na maoni yako. Msomaji aweze kuona mpaka kati yake bila kukuuliza. Taja tarehe ya mwisho ya utafutaji na majina yote ya waombaji uliyotumia, ili atakayerudia kazi apate kilekile.

Kufuatilia ni rahisi ukijua siku. Maombi ya kimataifa huchapishwa kila Alhamisi. Marekani hutoa hataza kila Jumanne na kuchapisha maombi kila Alhamisi. Ulaya huchapisha Jumatano. Hifadhi utafutaji wako, upitie mara moja kwa mwezi, uongeze familia mpya kwenye jedwali, na kila baada ya miezi sita urudi kwenye safu ya hali kuangalia ni ada zipi hazikulipwa.